Mtepe na Jahazi: Jinsi Vyombo vya Mbao Vinavyobaki Majini

Mtepe ulikuwa chombo kisicho na msumari hata mmoja. Mbao zake zilitobolewa kingoni kwa keekee, zikashikanishwa kwa vijiti vya mti mgumu, kisha zikashonwa kwa kamba za usumba, ubao kwa ubao, kama mshonaji aungavyo vipande vya nguo. Tundu lililokwisha kupitisha kamba lilizibwa kwa kijiti. Mataruma, yaani mbavu za chombo, yaliingizwa baada ya mbao kusimama, nayo yakafungwa kwa kamba zilezile. Juu palikuwa na mlingoti mmoja na tanga la mraba lililosukwa kwa miaa, na mbele omo lilichomoza refu kama shingo ya ngamia. Wapo waliosimulia kwamba umbo hilo ni ukumbusho wa ngamia wa Mtume.

Ushonaji wa vyombo ni wa zamani mno katika pwani hii. Mfanyabiashara mmoja wa Misri aliyeandika kwa Kigiriki katika karne ya kwanza baada ya Kristo alieleza safari za Bahari ya Hindi, na soko la mwisho alilolitaja upande wa Afrika liliitwa Rhapta, jina alilosema limetokana na mashua za kushonwa zilizokuwa huko. Ibn Battuta, aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alitoa sababu ya kushona ambayo baharia yeyote angeikubali: bahari hiyo ina miamba mingi, na chombo cha misumari kikigonga mwamba huvunjika, ilhali kilichoshonwa hulegea kidogo kikapona. Marco Polo alikuwa na maoni tofauti. Vyombo vya kushonwa alivyoviona Hormuz alivilaumu kuwa vibovu, akasema vingi huzama. Wote wawili walikuwa na haki. Kamba hunyumbuka, lakini pia huoza, na kati ya ubao na ubao maji hayakosi njia.

Vasco da Gama alipofika Kisiwa cha Msumbiji mwaka 1498, watu wake waliandika kwamba vyombo vya hapo vilikuwa vikubwa kiasi, havina sitaha wala misumari, na matanga yake yalikuwa ya ukindu. Picha za vyombo vya namna hiyo zimekwaruzwa kwenye lipu ya kuta za magofu ya Kilwa, Gede na Takwa. Nyingine ni za haraka, mistari michache tu ya kuonyesha mlingoti na kamba zake, lakini aliyezichora alijua kila kamba inakwenda wapi.

Mtepe wa karne ya 19 ulikuwa hasa chombo cha Wabajuni wa visiwa vya Lamu. Kazi yake kubwa ilikuwa kubeba boriti za mikoko kwenda Zanzibar na kwingineko. Ulivuja siku zote. Katika safari palikuwa na watu wa kufua maji ngamani mchana na usiku, kwa zamu, na hakuna aliyeona ajabu. Usumba ulipochakaa mishono ilikatwa, mbao zikaachana, na chombo kikashonwa upya. Kwa hiyo mtepe uliokuwa baharini kwa miaka mingi ulikuwa umeundwa mara kadhaa, na fundi aliyejua kuuunda ndiye aliyejua kuutengeneza. Hakukuwa na kazi mbili hapo.

Chombo cha misumari kiliuondoa mtepe polepole. Majahazi ya Lamu yenye omo lililosimama wima, mashua ndogo zaidi, na vyombo vya wageni kutoka Arabuni, Ghuba na Bara Hindi (bumu, sambuki, ghanja, bagala, betili) vilibeba mzigo mwingi zaidi na kuvuja kidogo zaidi. Tanga lao la pembetatu, lililofungwa kwenye foromali ndefu, lilikata upepo vizuri kuliko mkeka wa mraba. Majina ya kazi yenyewe yanaonyesha watu waliokutana bandarini: nahodha na bandari ni maneno ya Kiajemi, kalafati, yaani kuziba maungio kwa pamba, limepita kwa Waarabu, na omo na tezi, mbele na nyuma ya chombo, yamebaki hapa hapa kwa Waswahili.

Pepo ndizo zilizopanga mwaka. Kaskazi, inayovuma takriban kuanzia Desemba hadi Machi, ilileta vyombo vya Arabuni na Ghuba, kusi ilivirudisha. Kati ya pepo hizo mbili palikuwa na wiki nyingi za kungoja, na kungoja huko ndiko kulikokuwa wakati wa matengenezo. Chombo kilivutwa hadi mchangani wakati wa maji ya bamvu, bahari inapojaa zaidi, kikaegemezwa kwa magadi, na maji yalipokupwa mafundi wakaingia chini yake. Makombe na majani ya bahari yalikwanguliwa. Makuti yaliwashwa na mwali ukapitishwa chini ya mbao ili kuua wadudu wanaotoboa mti. Kisha upande wa chini ulipakwa deheni, mchanganyiko wa mafuta ya mnyama na chokaa, na upande wa juu ukapakwa sifa, mafuta ya papa ambayo harufu yake hutangulia chombo kufika bandarini.

Sayyid Said wa Zanzibar na Oman aliwahi kupata matengenezo ya aina hii mbali sana na kwao. Meli yake Al-Sultana, iliyoundwa Mazagaon, Bombay, mwaka 1833, iliingia New York tarehe 30 Aprili 1840 ikiongozwa na Ahmad bin Na'aman, ikiwa na pembe za ndovu, karafuu, tende, ngozi na kahawa. Safari ndefu ilikuwa imeichosha. Wamarekani waliipeleka kwenye karakana ya jeshi lao la majini Brooklyn, wakaitengeneza kama heshima kwa mfalme wake, na mwezi Agosti ikaondoka. Miongoni mwa mizigo ya kurudi ilikuwamo pamba ya Marekani, kitambaa kilekile ambacho pwani nzima ilikiita marikani, na ambacho kwa muda mrefu ndicho kilichokatwa na kushonwa kuwa matanga ya majahazi.

Picha kamili ya mwisho ya biashara hiyo ya pepo ilichukuliwa na Alan Villiers, baharia na mwandishi wa Australia. Mwishoni mwa 1938 alipanda bumu la Kuwait huko Aden, chini ya nahodha Ali bin Nasser al-Nejdi, akasafiri nalo hadi Zanzibar na delta ya Rufiji, ambako lilipakia boriti, kisha akarudi nalo hadi Kuwait mwaka 1939. Boriti hizo zilikuwa za mapaa ya nyumba za Ghuba, kama ambavyo zilikuwa za mapaa ya Lamu na Mji Mkongwe. Urefu wa boriti moja ya mkoko ndio uliopima upana wa chumba. Nyumba nyingi nyembamba za pwani zina asili yake msituni, si kwa mwashi.

Muda si mrefu hayo yote yaliisha. Kuwait ilianza kuuza mafuta ya petroli nje mwaka 1946, na vijana waliokuwa wakiingia baharini wakapata kazi nchi kavu. Mapinduzi ya Zanzibar ya 1964 yalikata uhusiano mwingi wa kifamilia na kibiashara uliokuwa ukiendeshwa na vyombo vya Arabuni. Barabara zilipoboreka, saruji na unga vikapanda lori. Mashine ya dizeli ilifungwa kwenye majahazi yaliyobaki, na mlingoti ukafupishwa au ukaondolewa kabisa. Mtepe ulikuwa umetangulia kutoweka: kufikia miaka ya 1930 hapakuwa na mtu aliyeuendesha kwa biashara. James Hornell alipochapisha maelezo yake juu ya mtepe na dau la Lamu mwaka 1941, alikuwa akiandika karibu wasifu wa marehemu. Ilibaki mifano midogo ya mbao katika majumba ya makumbusho, pamoja na kumbukumbu za wazee.

Hapo ndipo lilipoingia wazo jipya, la kuunda tena chombo si kwa ajili ya mzigo bali kwa ajili ya kujua. Tim Severin, msafiri wa Uingereza, aliunda meli ya kushonwa huko Sur, Oman, mwaka 1980, akaiita Sohar. Mbao nyingi zilitoka pwani ya Malabar, na kamba za usumba zilizotumika zilikuwa ndefu kiasi cha maili 400. Iliondoka Muscat Novemba 1980 na kufika Guangzhou, China, Julai 1981. Leo imesimama nchi kavu karibu na Al Bustan, Muscat, katikati ya mzunguko wa barabara, magari yakiizunguka.

Miaka kadhaa baadaye Oman ilirudia jaribio kwa uangalifu zaidi. Mwaka 1998 mabaki ya meli ya karne ya tisa yalikuwa yamepatikana karibu na kisiwa cha Belitung, Indonesia, yakiwa na vyombo vya udongo vya China vipatavyo 60,000. Mbao zake zilikuwa zimeshonwa. Mafundi wa Oman, pamoja na washonaji kutoka Kerala, waliunda mfano wake, Jewel of Muscat, wenye urefu wa mita 18. Mti uliotumika ulikuwa wa jamii ya Afzelia, uliokatwa Ghana. Ni ndugu wa mbambakofi, mti ambao mafundi wa Lamu wanaujua kwa uzito na uvumilivu wake majini. Jewel of Muscat iliondoka Muscat Februari 2010 na kufika Singapore Julai mwaka huohuo. Njiani, Sri Lanka, ilibidi ikae kutafutiwa miti mipya ya milingoti kwa sababu ile ya kwanza ilikuwa imepasuka. Hilo lenyewe ni somo zuri la historia. Manahodha wa zamani nao walivunja milingoti, na kila bandari waliyoifahamu ilikuwa pia mahali pa kupata mti.

Zanzibar nayo iliunda mtepe wake. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mafundi wa pwani walishona chombo kizima kwa kufuata mifano ya makumbusho, maandishi na ujuzi uliosalia wa kusokota usumba na kupiga tezo, nacho kikawekwa ndani ya Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883. Wageni wengi walipoingia jumba hilo, kitu cha kwanza kuwashangaza kilikuwa ukubwa wa chombo, na cha pili kamba zake. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya jumba hilo iliporomoka na kuua watu wawili. Kuta za matumbawe na boriti, sawa na mbao na usumba, zinadai mkono wa mtu kila mwaka.

Oman na Kuwait zimechagua pia njia ya kuokoa chombo chenyewe badala ya mfano wake. Fath al-Khayr, ghanja iliyoundwa Sur kisha ikauzwa Yemen, ilinunuliwa na watu wa Sur wenyewe na kurudishwa mwaka 1993; sasa imesimama kwenye mji wake. Kuwait ina bumu lenye jina hilohilo, lililoundwa mwaka 1938, kabla ya petroli kubadilisha kila kitu. Ni jambo jema kuvihifadhi vyombo hivyo, ila hakuna kati ya vyote viwili kinachorudi Zanzibar kaskazi inapoanza. Ubao wa chombo umeumbwa kulowa. Ukiondolewa majini na kuachwa juani hukauka na kusinyaa, maungio hufunguka, pamba ya kalafati hudondoka, na chombo kilichokuwa kikizuia bahari hupitisha mwanga wa jua. Aliyesimama ndani ya jahazi lililotelekezwa ufukoni ameiona mistari ya mwanga sakafuni.

Hii ndiyo tofauti ya visiwa vya Lamu. Huko jahazi halikuokolewa, kwa sababu halikuachwa kamwe. Matondoni, kijiji cha upande wa magharibi wa kisiwa cha Lamu, na vilevile Nungwi kaskazini mwa Unguja, bado kuna mafundi wanaounda na kutengeneza kwa jicho, bila ramani ya karatasi. Mkuku, uti wa mgongo wa chombo, hulazwa kwanza, kisha omo na tezi husimamishwa. Mataruma huchaguliwa kutoka kwenye matawi yaliyopinda yenyewe, ili uzi wa mti ufuate mkunjo wa chombo na usikatwe. Fundi hutembea msituni akitazama miti kama mtu anayetafuta mbavu za chombo ambacho hakijakuwapo.

Matengenezo ya chombo kikongwe huanza kwa sikio. Fundi hupiga nyundo kwenye ubao, hatua kwa hatua. Mti mzima hutoa mlio mkavu unaorudi haraka. Mti uliooza hutoa mlio mzito, uliokufa. Alama ya mkaa huwekwa hapo. Ubao mbovu hung'olewa kwa uangalifu, si kwa huruma yake, bali kwa sababu ndio kipimo cha ubao utakaokuja: hulazwa juu ya mbao mpya, mkunjo wake ukachorwa, kisha tezo ikaanza kula. Tundu la msumari hutobolewa kwanza ili mti usipasuke, na shingo ya msumari huzungushiwa pamba iliyochovywa mafuta kabla haujapigwa. Mwisho huja kalafati. Fundi huchuchumaa chini ya tumbo la chombo, akisokota pamba kwa vidole, akiisukuma kwenye ungio kwa patasi butu na nyundo ya mti. Kazi hiyo haikimbizwi. Pamba ikiwa chache maji yataingia. Ikijazwa kupita kiasi, ubao ukivimba utasukuma jirani yake na kung'oa misumari.

Jahazi lililotengenezwa hivyo kwa miaka 30 laweza kuwa limebakiwa na mkuku wake wa kwanza na mbao chache tu. Lina jina lake, mwenyewe wake na mwendo wake baharini, na hayo hutosha. Wapenzi wa vyombo vya kale huko Ulaya na Marekani hubishana sana juu ya kiasi cha mbao za asili kinachoruhusiwa kubadilishwa. Mjadala huo ungesikika wa ajabu Matondoni, ambako swali la kwanza ni kama chombo kitapita pwani ya Pate kabla ya maji kukupwa.

Kinachowavuta watu kwenye vyombo hivi, wenyeji na wageni, hakihitaji ushairi mwingi kukieleza. Tanga likitwekwa na mashine kuzimwa, chombo hupata sauti yake: foromali hulia kwenye mlingoti, maji hupita chini ya omo, demani, kamba ya tanga, hukazwa na kulegezwa. Kubadilisha upande wa tanga la pembetatu ni kazi ya wengi. Foromali husimamishwa, ikazungushwa mbele ya mlingoti, na kila mtu lazima ajue kamba yake kabla nahodha hajafungua mdomo. Chombo cha faiba chenye injini ya nje kitafika kwanza, kwa wengi wa wavuvi hilo ndilo la maana, na hakuna wa kuwalaumu. Lakini hakuna aliyewahi kukusanya kijiji kizima ufukoni kutazama injini za nje zikishindana.

Mashindano ya mashua ndiyo yaliyowapa mafundi sababu nyingine ya kuendelea. Sikukuu ya mwaka mpya na sherehe za Lamu huleta mashua za vijiji mbalimbali mbele ya Shela na mji wa Lamu. Magunia ya mchanga huwekwa ndani kuwa uzito, na ubao mrefu hutolewa nje upande wa upepo ili mabaharia watembee juu yake, wakichuchumaa juu ya maji kuzuia chombo kisilale. Chombo kinachoandaliwa kwa mashindano huparwa, hukalafatiwa na hupakwa upya, na umaarufu wa fundi hupanda au kushuka kwa matokeo ya alasiri moja. Lamu ilipoingizwa kwenye urithi wa dunia mwaka 2001, majengo ndiyo yaliyotajwa zaidi. Vyombo vilivyoleta boriti za majengo hayo vilikuwa bado vinafanya kazi chini ya ukuta wa bandari.

Tatizo la sasa ni mti. Mbambakofi na mvule vimekuwa haba na ghali. Kenya iliposimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma Februari 2018, wakataji wa mikoko wa Lamu nao walisimama. Mwezi Septemba mwaka huohuo, Lamu ilishua chombo cha aina ya pekee: Flipflopi, chenye urefu wa takriban mita 9, kilichoundwa na fundi Ali Skanda na wenzake kwa taka za plastiki na kufunikwa kwa ndala zilizookotwa fukweni. Mwanzoni mwa 2019 kilisafiri kutoka Lamu hadi Zanzibar. Mbao za plastiki zilikatwa kwa msumeno, zikapigwa randa na kutobolewa kwa mikono ileile iliyojifunza kwenye mti, na umbo halikuwa jingine ila lile la dau.

Siku ya kushua jahazi lililotengenezwa hupangwa kwa maji ya bamvu. Kamba ndefu hufungwa, magogo hutandazwa mchangani, na watu wa kijiji huvuta kwa wimbo, hatua moja kila pumzi, mpaka tezi iguse maji na chombo kiinuke chenyewe. Kisha jahazi hufungwa kwenye kamba yake, wala hakuna anayekimbilia kutweka tanga. Maji huanza kuingia kwenye maungio, kwa sababu mbao zimekaa juani kwa wiki kadhaa na bado hazijavimba. Vijana wawili huachwa ndani na upo na debe. Usiku wa kwanza hufua bila kulala. Asubuhi maji ngamani yamepungua hadi kifundo cha mguu, na kufikia alasiri ya siku ya pili hufua mara moja tu kila wakimaliza chai.